Wimbo Uliokwama Mlangoni

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Nyimbo kumi na moja! Kwaya nzima ya kigango chetu hapa Bongwe, watu ishirini na wanne, nusu yao wametoka zamu za hoteli Diani bila kulala. Tumeanza saa mbili asubuhi, tumemaliza saa kumi. Mimi leo sikuimba. Nilikaa ofisi ya kigango, hedifoni masikioni, kompyuta yangu ya mtumba mbele yangu — mashine ninayoipenda kuliko baadhi ya binamu zangu, Mungu anisamehe.

Studio ya Mombasa waliiacha kwa ajili yangu. Nilisimama mkutanoni nikasema: mimi Veronicah ni fundi wa kompyuta wa hoteli nzima, nitashindwa vipi na kwaya? Wakapiga makofi. Basi jina langu limo humo ndani pamoja na nyimbo.

Wimbo wa mwisho si wa kwaya, ni wa Purity. Purity ndiye sauti yetu ya kwanza, na ni rafiki yangu tangu tulipopanga chumba kimoja Ukunda. Jumatano anapanda ndege kwenda Doha, kazi ya hoteli, miaka miwili. Binti yake Mapenzi, miaka mitatu, anabaki hapa kwa bibi yake. Mtoto huyo halali bila wimbo wa mamake. Purity aliutunga mwenyewe: ndoo imelala, kata imelala, jogoo wa Bibi amelala… vitu vyote vya uani vinalazwa kimoja kimoja mpaka zamu ya mtoto inafika. Mwalimu Gilbert, anayetufundisha kwaya, alikubali tuurekodi ili bibi awe anamwekea mtoto jioni. Purity ameuimba mara moja tu. Hakukosea hata pumzi. Watu wazima wamekaa kimya kwenye mabenchi, na mimi nimelia ndani ya hedifoni.

Kisha nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Kimya. Programu ya kurekodi imeganda. Diski ya nje, ile ya kuwekea nyimbo, taa yake ya buluu imewaka tu, haipepesi. Nikangoja. Nikaiamuru programu ife kwa heshima. Haikufa. Nikatuma amri kali, ile ya namba tisa, ambayo tulifundishwa chuoni kwamba hakuna programu duniani inayoweza kuikataa. Imeikataa! Nikatuma tena, na tena. Mara nane. Sikuwa nafikiri.

Mwalimu Gilbert akasema si uzime uwashe, kwani iko nini. Akanyoosha mkono kwenye swichi. Nikajitupa mbele ya swichi kama golikipa wa shule. Hata sijui kwa nini nilifanya vile.

Mashine nimeiacha inawaka ofisini. Funguo ninayo mimi.


Jumapili, 9 Novemba

Baada ya Misa wote walinizunguka. Vero, zimetoka? Vero, tusikie kidogo. Nikasema bado nazipika. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya Jumapili.

Nimesoma maelezo ya ile programu mstari kwa mstari. Nyimbo nane za kwanza ziko salama, nilizihifadhi wakati wa chai. Tatu za mwisho hazijafika kwenye diski. Programu imezishika yenyewe, kwenye memori, na memori ni kama maji kwenye kiganja. Umeme ukizima zimemwagika. Programu ikifa zimemwagika. Na jana mimi, kwa mkono wangu huu, nimejaribu kuiua mara nane! Ingelikufa hata mara moja leo nisingekuwa na cha kusimulia. Asante Mungu kwa ukaidi wake.

Nimemwambia Purity ukweli. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Tatizo hana sauti tena. Kuimba siku nzima, kisha jana jioni majirani wakaja kumuaga, akawaimbia nao. Sasa anakwaruza kama mlango wa bati. Tukasema tujaribu hivyohivyo, turekodi kwa simu. Akaimba, maskini, ndoo imelala, kata imelala. Tukamwekea Mapenzi asikilize. Mtoto akaitazama simu, akamtazama mamake aliyekaa palepale mbele yake, akasema, “Huyu si mama.”

Akairudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Purity akacheka. Kisha akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.


Jumatatu, 10 Novemba

NIMEIONA! Herufi D!

Sasa naandika taratibu maana mkono unakimbia. Leo sina zamu, nimeshinda ofisi ya kigango. Kompyuta huweka orodha ya programu zote zinazoendesha shughuli, na mbele ya kila moja kuna herufi ya kuonyesha hali yake. Nyingi ni S, yaani imelala usingizi wa kawaida, ukiigusa inaamka. Yetu ni D. Usingizi usioamshwa. Chuoni Mwalimu Sanga aliichora ubaoni mara moja tu, akasema wengi wenu mtazeeka bila kukutana nayo. Na mimi nimekutana nayo Bongwe, nyuma ya sakristia, chini ya picha ya Bikira Maria!

Nimefurahi mpaka nikaona aibu. Wimbo wa mtoto umekwama na mimi nacheza ofisini peke yangu. Lakini ni kweli, nimefurahi.

Maana yake ni hii. Huku Pwani hodi ni tatu. Usipokaribishwa unarudi zako, hakuna kununa. Programu yetu imekwenda kwa diski ikapiga hodi moja, “pokea nyimbo hizi,” na diski haikujibu. Basi imeganda mlangoni. Hairudi, haigeuki, haisikii mtu aliye nyuma yake. Ndiyo sababu haifi! Amri ya kuua inaitwa kutoka barabarani, nayo programu imeelekeza uso mlangoni. Ikiwa diski itaitikia, hata kwa kusema sitaki, programu itageuka na mambo yataendelea.

Kwa hiyo dawa si kuiua programu. Dawa ni kuiamsha diski. Waya nimeuangalia bila kuuchomoa. Umekaa vizuri, hauna kutu ya chumvi, na hapa kwetu chumvi inakula mpaka bawaba. Sasa diski ina nini?

Nimemtumia Mwalimu Sanga ujumbe mrefu. Haujafika. Mtu wa chuoni anasema amekwenda kwao, upande wa Kinango ndani kabisa, kwenye mazishi, na mtandao huko ni mpaka upande kilima.

Mama Purity ameniletea chai na viazi vya nazi. Bibi yake Mapenzi, ndiye. Yeye ndiye mwenye kufagia na kupamba ofisi hii, na leo nimemwachia funguo. Akauliza kwa sauti ya chini kama mashine ni mgonjwa sana. Nikamwambia anapumua, Mama.


Jumanne, 11 Novemba

Umeme umekatika saa nane mchana!

Nilikuwa kazini Diani, chini ya meza ya mapokezi nikivuta waya. Mama Purity akapiga simu. Alisema tu, “Vero, stima imepotea na hilo boksi linalia.” Boksi ni UPS yangu, ile betri ndogo. Inashikilia mashine dakika ishirini na tano, siku ikiwa na moyo mzuri.

Kutoka hoteli mpaka Bongwe ni dakika ishirini ukipata bodaboda mwenye wazimu. Nikafikiria nani yuko karibu. Abdulaziz! Fundi wa friji pale njia ya kuingia kigango, mzee wa watu, ana sola na betri za kila namna dukani. Nikampigia. Nikamwambia shikamoo na mkono wa pili natafuta kofia ya bodaboda.

Akasema, “Marahaba, mwanangu. Tulia. Mashine iko wapi?”

Nikamwambia iko kanisani.

“Basi naja. Kanisani si ndiko kwenu? Nitapiga hodi.”

Nilipofika nilimkuta ameinama sakafuni, betri ya lori na inveta vimeshaunganishwa, UPS imenyamaza. Zilibaki dakika nne. Mama Purity amesimama kando ameshika tochi mchana kweupe, akimmulikia. Taa ya diski bado buluu, imetulia vilevile. Herufi D iko palepale. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kimekwama.

Nikauliza nimpe nini. Abdulaziz akasema hiyo nyimbo ikitoka na yeye asikie, ana wajukuu watano na hakuna anayelala. Atarudi kesho asubuhi kupima betri.

Purity amefunga sanduku. Amesema hataondoka bila kujua kama wimbo upo au haupo. Gari linakuja saa saba mchana kesho.


Jumatano, 12 Novemba

Saa tatu asubuhi. Nimebadilisha zamu. Tuko ofisini: mimi, Mama Purity, Abdulaziz.

Abdulaziz amepima betri, iko sawa. Kisha akauliza na hiki nacho ni nini, akaweka mgongo wa mkono juu ya diski, kama mtu anavyompima mtoto. Akaurudisha mkono haraka.

“Hiki chombo kina homa, mwanangu. Mmekivisha nguo ya nini na joto hili?”

Kitambaa! Kitambaa cha krosheti, cheupe, chenye maua ya njano pembeni. Siku nne kiko mbele ya pua yangu na sikukiona. Lakini ningekionaje? Katika ofisi hii kila kitu kina kitambaa. Redio inacho, chupa ya chai inacho, kabati la vyeti vya ubatizo linacho. Kwetu Butere hata televisheni inavaa kabla ya watoto. Macho yamezoea. Diski imefunikwa tangu Jumamosi, chini ya mabati, mwezi wa Novemba.

Mama Purity alikaa chini. Akasema ni yeye, Jumamosi wakati wa chai, aliona kidude kiko uchi na watu wanapita na vumbi. Kitambaa alikifuma mwenyewe. Nilimshika bega, nikamwambia Mama, hata mimi ningefanya hivyo. Na ni kweli.

Tumekivua. Abdulaziz ameleta feni ndogo ya betri, ameielekeza. Sasa tunangoja ipoe.

Saa nne kasorobo. Taa imepepesa!! Mara moja tu, pap, kisha ikatulia. Mama Purity ametoa kigelegele. Inarudi! Ikiamka itajibu hodi, programu itapeleka nyimbo zake tatu, na nitakuwa fundi wa maana Kwale nzima. Nimemtumia Purity ujumbe aje.

Saa nne na dakika tano. Mwalimu Sanga amepiga simu. Amepanda kilima, amesoma ujumbe wangu wote, sauti yake ina upepo ndani.

Nikamweleza furaha yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Veronicah, Jumamosi ulituma ile amri ya kuua?”

“Nilituma, Mwalimu. Mara nane.”

Akarudia, mara nane.

“Moja ilitosha,” akasema.

Nikaelewa kabla hajamaliza. Amri ile haikupotea. Programu haikuikataa kamwe, haikuisikia tu. Iko palepale nyuma yake, imesimama tangu Jumamosi, inangoja. Diski ikiitikia, programu itageuka, na kitu cha kwanza itakachokutana nacho ni kifo nilichokituma mimi. Haitapata nafasi ya kukabidhi hata noti moja. Na amri ile hairudishwi. Nilimuuliza mara mbili. Hairudishwi.

“Kwa hivyo usiiamshe,” akasema. “Zima feni.”

Nikaizima kwa goti, simu ikiwa sikioni.

Kuna njia moja. Programu iliyolala namna hii, memori yake inaweza kusomwa kutoka nje, kama kuchungulia dirishani mtu akiwa amekwama mlangoni. Ninakili kila kitu ilichoshika, kipande kwa kipande, niweke kwenye flashi. Nyimbo nitazichambua baadaye humo ndani, hata ikinichukua mwezi. Sharti ni moja: ibaki imekwama mpaka nimalize. Mwalimu amenisomea amri herufi kwa herufi, na mimi nikamrudishia kila herufi kabla ya kubonyeza.

Gigabaiti mbili na nusu. Flashi yangu ni kobe. Diski ya ndani ya mashine imejaa, ndiyo maana tulitumia ya nje. Hakuna njia nyingine.

Saa nne na nusu. Inanakili. Asilimia sita.

Nimewaeleza wenzangu. Kwamba siku nne tumeomba iamke na sasa tunaomba isiamke. Mama Purity alikuwa amekaa na kitambaa mapajani, amekikunja mara nne. Akafikiri. Akauliza kama mtu anayeogopa kuchekwa, “Sasa nirudishe?”

Nikamwambia rudisha, Mama. Sijui kama joto litasaidia kuishikilia, lakini ubaridi ndio uliokuwa unaiamsha. Akakifunika juu ya diski, akakinyoosha pembe. Kisha akafungua leso yake kiunoni, akaiweka nayo juu.

Abdulaziz alitikisa kichwa. Akasema, “Nimetengeneza vitu miaka thelathini. Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa nimrudishie mgonjwa homa.” Lakini yeye ndiye aliyefunga madirisha.

Saa tano na robo. Asilimia ishirini na nane. Jasho linatutoka. Naandika ili mikono yangu isiguse kitu.

Wimbo wa Purity ndio wa mwisho kushikwa. Kwa hiyo upo mwishoni kabisa mwa foleni.

Saa sita. Asilimia arobaini na tisa. Taa imepepesa tena, inaonekana kupitia matundu ya krosheti. Herufi D bado. Nimeitazama hiyo herufi mpaka naiona hata nikifumba macho. Kaa hapohapo, mpenzi wangu. Usigeuke.

Saa sita na nusu. Purity amefika na sanduku na Mapenzi. Amevaa viatu vipya, midomo ameipaka rangi, sauti bado ni ile ya bati. Alidhani anakuja kusikiliza wimbo. Nikamweleza tangu mwanzo. Nikamwambia na ile sehemu yangu, amri nane. Nilitaka aijue kwangu.

Akanong'ona, “Na ikigeuka kabla?”

Nikasema basi nitakuwa nimeufuta mimi.

Akavua viatu vipya, akaketi sakafuni kando ya meza, akampakata mtoto.

Saa saba kasorobo. Asilimia sitini na saba.

Saa saba. Gari limefika. Dereva amepiga honi. Mwalimu Gilbert, aliyekuja kumuaga Purity, ametoka kumbembeleza angoje, nasikia anamuuliza habari za nyumbani kwao na za wazazi wake wote. Asilimia sabini na nne.

Saa saba na dakika kumi na tano. Taa imepepesa mara mbili mfululizo.

Mapenzi ameuliza kwa nini kile kitu kimefunikwa leso ya Bibi. Purity akamwambia kimelala. Mtoto akaikubali hiyo moja kwa moja. Akatoka mapajani, akasogea mezani, akaweka kiganja juu ya leso na kuanza, polepole, kwa sauti ile ile ya mamake ya Jumamosi, kila pumzi mahali pake: ndoo imelala, kata imelala, jogoo wa Bibi amelala. Akasita. Akatafuta jina. Akasema, diski imelala.

Purity ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Abdulaziz ameugeukia ukuta.

Saa saba na dakika ishirini na mbili. Asilimia themanini na tano. Herufi D. Mtoto ameanza tena kutoka kwenye ndoo, maana hakuna aliyemwambia aache. Dereva amepiga honi mara ya tatu, na Purity hajainuka.